Nchi za Jirani: Maji ya Akiba ya Mwea na Mlipaji Wake



Katika mazungumzo ya leo juu ya nchi za jirani, tunavuka mpaka wa kaskazini na kwenda Kenya, katika tambarare ya Mwea, iliyo kusini ya Mlima Kenya, yapata kilomita 100 kutoka Nairobi. Huko ndiko inakolimwa sehemu kubwa ya mpunga wa nchi hiyo, ukiwemo ule wenye harufu nzuri ujulikanao kwa jina la pishori. Tunalotaka kulieleza leo ni habari ya maji yanayouotesha mpunga huo, na hasa fedha za kuyaweka maji hayo akiba. Bwawa la kuhifadhia maji ya kilimo hulipiwa na nani, na kwa njia gani, hata lisigeuke kuwa mzigo kwa wale wale liliojengwa kuwasaidia?

Huenda askari akauliza habari hizi zamhusu nini. Zamhusu kwa mambo mawili. Kwanza, Kenya hailimi mchele wa kuwatosha watu wake, na sehemu ya upungufu huo huuziba kwa mchele wa Tanzania. Mavuno ya Mwea yakipungua, wanunuzi huvuka mpaka, na bei ya gunia katika masoko yetu hupanda, pamoja na bei ya chakula cha bwalo na cha familia za askari. Pili, maji yanapokosekana mfereji hugeuka kuwa mahali pa ugomvi, na ugomvi huo hauchelewi kufika kituo cha polisi. Tutaona hapa chini kwamba Mwea ilikwisha kuyapitia hayo.

Kila aliyepata mafunzo ya uongozi wa kikosi anajua kwamba kamanda hawapeleki askari wake wote mstari wa mbele kwa wakati mmoja. Huweka kikosi cha akiba, na hukitumia pale mstari unapolegea. Bwawa la umwagiliaji lina kazi hiyo hiyo. Vita vyenyewe hupiganwa na mto. Bwawa huja kuziba pengo katika zile wiki ambazo mto umepungua na mpunga ungali unadai maji.

Mashamba ya Mwea yanategemea mito miwili iteremkayo kutoka Mlima Kenya, yaani Thiba na Nyamindi. Wakati wa mvua mito hiyo hujaa, na maji mengi huteremka mpaka mto Tana bila kumfaa mkulima. Wakati wa kiangazi hupungua, na wakulima wa mwisho wa mifereji hungojea zamu zao wakati majaruba yao yanapasuka kwa ukavu. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi mkulima wa Mwea aliweza kutegemea msimu mmoja tu wa mpunga kwa mwaka, ijapokuwa ardhi yake na nguvu zake zilitosha kwa misimu miwili.

Dawa iliyochaguliwa ni bwawa la Thiba, lililojengwa katika kaunti ya Kirinyaga, upande wa juu wa mashamba. Kazi ya ujenzi ilianza mwaka 2018, na bwawa likazinduliwa rasmi mwezi Oktoba mwaka 2022. Ukuta wake una kimo cha meta 40 na urefu wa karibu kilomita 1. Bwawa likijaa huwa na maji meta za ujazo milioni 15.6. Kusudio ni kuyapanua mashamba kutoka ekari 25,000 hadi ekari 35,000, na kuwawezesha wakulima kulima mara mbili kwa mwaka.

Meta za ujazo milioni 15.6 ni idadi inayoshangaza kwa kuisikia. Lakini tukiyatandaza maji hayo yote kwa usawa juu ya ekari 35,000, tutapata kina cha sentimita 11 tu, yaani karibu upana wa kiganja cha mkono. Mpunga wa majaruba, tangu kupandwa mpaka kuvunwa, huhitaji maji mara kadhaa zaidi ya hayo. Ni dhahiri basi kwamba bwawa hili haliwezi kuchukua nafasi ya mto. Kazi yake ni kujaa, kutoa, na kujaa tena. Kila siku mlango wa bwawa unapofunguliwa bila mpango, na kila mahali mfereji unapovuja, ile akiba ya upana wa kiganja hupungua. Tunaomba wasikilizaji walikumbuke jambo hili tunapoingia katika habari ya fedha.

Ujenzi wa bwawa la Thiba uligharimu yapata shilingi bilioni 8 za Kenya. Tukizigawanya fedha hizo kwa ekari 35,000, kila ekari inabeba karibu shilingi 230,000. Katika mpango wa awali wa Mwea, mkulima aligawiwa ekari nne. Mkulima wa namna hiyo, kama angetakiwa kulipa sehemu yake ya bwawa, angedaiwa zaidi ya shilingi laki tisa, kabla hajanunua mbegu, mbolea wala chakula cha watoto. Hapana chama cha ushirika cha wakulima wadogo kinachoweza kujenga bwawa la namna hiyo kwa michango ya wanachama peke yao. Hapana budi fedha zitoke mahali pengine, na duniani kuna njia kuu tatu za kuzipata.

Njia ya kwanza ni wakulima wenyewe kukopa kwa pamoja. Mwaka 1887 jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria iliyowaruhusu wakulima wa eneo moja kuunda mamlaka yao ya umwagiliaji, yenye haki ya kutoza kodi juu ya ardhi na kuuza hati za mkopo kwa wenye fedha. Mamlaka za Turlock na Modesto zilizaliwa kwa sheria hiyo, na mwaka 1923 zikakamilisha kwa pamoja bwawa kubwa la Don Pedro. Hata hivyo, nyingi kati ya mamlaka za mwanzo zilishindwa kulipa madeni yao. Zaidi ya hayo, njia hii yataka mkulima awe na hati ya ardhi yake, maana ardhi hiyo ndiyo dhamana ya deni. Mkulima wa Mwea kwa miaka mingi alikuwa mpangaji mwenye leseni tu. Shamba halikuwa lake hata aweze kuliweka rehani.

Njia ya pili ni kulifanya bwawa lijilipie kwa kuuza kitu kingine, na aghalabu kitu hicho ni umeme. Kenya inayo mabwawa ya namna hiyo katika mto Tana. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, lilibuniwa kuhifadhi meta za ujazo milioni 1,560, yaani mara mia moja ya Thiba. Maji yake huzungusha mitambo, umeme huuzwa, na mtumiaji hulipa ankara kila mwezi. Mkopeshaji huliona bwawa la umeme kuwa mteja mwema, kwa sababu fedha zake huonekana tangu mwanzo. Maji ya mpunga hayana ankara ya namna hiyo. Faida yake hutawanyika katika maelfu ya mashamba, na katika mwaka wa mvua mbaya au bei mbaya haionekani kabisa.

Njia ya tatu ni serikali kukopa kwa niaba ya taifa lote, na hii ndiyo iliyofuatwa Mwea. Mwezi Agosti mwaka 2010 serikali ya Kenya ilitia saini mkataba wa mkopo wa zaidi ya yeni bilioni 13 na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, kwa ajili ya mpango mzima wa kuendeleza umwagiliaji wa Mwea, bwawa likiwa ndani yake, na serikali ya Kenya ikaongeza fedha zake yenyewe. Mkopo huo ni wa masharti nafuu: riba yake ni ndogo kuliko ya mabenki ya biashara, na malipo yake yameenezwa katika miaka mingi.

Lakini unafuu wa mkopo haulifuti deni, na dawa ya deni ni kulipa. Kuna mambo mawili ambayo wananchi hawaelezwi mara nyingi. La kwanza ni kwamba deni hili ni la yeni. Mpunga wa Mwea unauzwa kwa shilingi; shilingi ikishuka thamani mbele ya yeni, deni huongezeka ingawa hakuna aliyekopa hata senti moja zaidi. La pili ni kwamba mikopo ya Japani ya aina hii kwa kawaida haigharimii ununuzi wa ardhi. Fidia ya watu ambao mashamba yao yatafunikwa na maji huachiwa serikali inayokopa, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaamuru kwamba fidia hiyo iwe ya haki na ilipwe upesi. Kwa hiyo hata pale ambapo mgeni ametoa fedha za ukuta, mwenyeji hana budi kuwa na fedha mkononi za kulipia ardhi ambayo ukuta utasimama juu yake.

Tangu mkataba wa mwaka 2010 mpaka uzinduzi wa mwaka 2022 ilipita miaka kumi na miwili. Mtoto aliyezaliwa Mwea mwaka mkataba ulipotiwa saini alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi siku bwawa lilipozinduliwa. Yeyote anayewaahidi wakulima kwamba bwawa litawaletea maji msimu ujao, na aitazame kwanza tarehe hiyo.

Hata hivyo, kuchelewa si ajali mbaya kuliko zote. Katika bonde la Kerio, kaunti ya Elgeyo Marakwet, Kenya ilikusudia kujenga mabwawa mengine mawili, Arror na Kimwarer. Mikataba ilitiwa saini mwaka 2017, na fedha zilikopwa katika mabenki ya Italia. Malipo ya awali yalitolewa, pamoja na gharama za bima ya mkopo, lakini mabwawa hayakujengwa. Mwaka 2019 serikali ililifuta bwawa la Kimwarer, baada ya wataalamu kuona kwamba halina faida kwa upande wa ufundi wala wa fedha. Mwaka huo huo viongozi kadhaa, akiwemo waziri wa fedha wa wakati huo, walifikishwa mahakamani. Mwezi Desemba mwaka 2023 mahakama iliwaachia huru waliokuwa wakishitakiwa, kwa sababu upande wa mashitaka haukuleta ushahidi wa kutosha. Sisi hatuna neno la kuongeza juu ya kesi hiyo. Twasema tu kwamba katika kukopa kwa ajili ya maji, uchunguzi wa ardhi, wa mto na wa faida wapaswa kutangulia malipo. Bwawa ambalo halikujengwa halina mkulima wa kulilipia, na mwananchi hubaki na ankara isiyokuwa na maji.

Ndugu wasikilizaji, mpaka hapa tumeitaja mifuko miwili, mfuko wa ujenzi na mfuko wa fidia. Upo mfuko wa tatu, ulio mdogo kuliko yote, nao ndio unaoamua kama ile mifuko miwili mikubwa imetumika vema au imetupwa. Huo ni mfuko wa matunzo.

Mvua zinaponyesha, mto huchukua mchanga na tope kutoka mashamba ya mlimani na kuviweka ndani ya bwawa na mifereji. Bwawa la Masinga tulilolitaja limekwisha kupoteza sehemu ya nafasi yake kwa sababu ya tope. Milango ya chuma hushika kutu, kingo za mifereji hubomoka, na magugu huziba njia ya maji. Kazi ya kuyazuia hayo haina sherehe wala jiwe la msingi. Hakuna mkopeshaji wa nje anayependa kuigharimia mwaka baada ya mwaka, na hazina ya serikali huikumbuka mwisho. Fedha zake zapaswa kutoka kwa yule anayeyatumia maji, kwa njia ya ada ya maji kwa kila ekari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Thiba umekwisha kugharimu shilingi bilioni 8.

Mkulima hulipa ada kwa moyo pale tu anapoamini kwamba fedha yake inarudi mferejini. Historia ya Mwea inatufundisha nini hutokea imani hiyo inapokosekana.

Mpango wa Mwea ulianzishwa na serikali ya kikoloni katikati ya miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, na mifereji yake ya kwanza ilichimbwa kwa jasho la wafungwa wa kisiasa. Baada ya uhuru, usimamizi ulishikwa na Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji. Bodi ilitoa maji, mbegu na matrekta. Mkulima alitakiwa kuipa bodi mpunga wake, akibakiziwa magunia machache ya chakula, na bodi ikakata gharama zake kabla ya kumlipa. Mkulima hakuyaona mahesabu, wala hakuwa na sauti katika kupanga bei. Alilipia maji kila msimu, lakini alilipa kama mtu anayekatwa, si kama mtu anayechangia.

Mwaka 1998 wakulima walikataa. Walipeleka mpunga wao katika chama chao cha ushirika na kuondoka chini ya mamlaka ya bodi. Palitokea mapambano na polisi, na maisha ya watu yakapotea. Huo ni msiba kwa waliofiwa, na ni somo zito kwa kila askari. Polisi waliitwa kulizima jambo ambalo chanzo chake kilikuwa katika daftari za mahesabu.

Baada ya hapo wakulima walijiendesha wenyewe kwa miaka kadhaa. Haki ya kuuza mpunga wao waliipata, lakini matunzo ya mifereji mikubwa yaliwashinda, kwa kuwa hawakuwa na mitambo mizito wala wahandisi wa kutosha. Mashamba mapya yalifunguliwa pembezoni bila mpango, na maji yakazidi kupungua. Mwaka 2003 pande mbili zilirudi mezani na kugawana kazi. Chombo cha serikali kikabaki na mitambo na mifereji mikuu. Chama cha watumiaji maji kikachukua mifereji ya chini inayofika mashambani, na mkulima akawa huru kuuza mavuno yake apendako. Sheria mpya ya umwagiliaji ya mwaka 2019 iliigeuza bodi ya zamani kuwa Mamlaka ya Taifa ya Umwagiliaji, na ikavitambua vyama vya watumiaji maji.

Mpango huu wa kugawana mzigo ndio msingi halisi wa bwawa la Thiba, ingawa hauonekani kama ukuta unavyoonekana. Serikali inabeba deni kubwa kwa sababu taifa zima lafaidika: mchele wapatikana, fedha za kigeni zaokolewa, na vijana wapata kazi. Mkulima anabeba gharama ya kila msimu kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kufaidika. Kila upande una haki ya kuuliza mahesabu ya mwenzake. Bila haki hiyo, yale ya mwaka 1998 yaweza kurudi, na safari hii bwawa la mabilioni likiwa katikati ya ugomvi.

Sasa tujitazame na sisi. Katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, wakulima wa mpunga, wafugaji, hifadhi ya wanyama na mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu wote wanautegemea mto mmoja, Ruaha Mkuu. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka katika baadhi ya sehemu zake wakati wa kiangazi. Sheria yetu ya Umwagiliaji ya mwaka 2013 imeunda Tume ya Taifa ya Umwagiliaji na Mfuko wa Maendeleo ya Umwagiliaji. Vyombo tunavyo. Maswali yanayobaki ni yale yale ya Mwea: bwawa likijengwa, nani anabeba deni, nani anatunza mfereji, na nani anaonyeshwa mahesabu?

Kwa askari aliye katika kituo cha bonde la mpunga, mafunzo ya Mwea ni ya kazi yake ya kila siku. Kulilinda bwawa ni zaidi ya kusimama lindo ukutani. Mtu anayefungua mlango wa maji usiku bila idhini, mtu anayechimba mfereji wa wizi, na karani anayekula ada ya wakulima, wote watatu wanaiba katika ghala moja. Tofauti ni kwamba wawili wa kwanza hukamatwa upesi, na wa tatu huchukua miaka kugunduliwa, ilhali madhara yake ni makubwa kuliko ya wote. Askari mwenye busara anapoitwa mferejini kuamua ugomvi hana budi kuuliza pia ratiba ya zamu iko wapi, nani aliiandika, na kama ada iliyolipwa imeingizwa katika kitabu. Mara nyingi jibu la swali hilo humaliza kesi kabla ya pingu kutolewa.

Kenya imekopa, imelipa fidia, na imejenga. Ukuta wa Thiba umesimama na maji yamo ndani. Deni la yeni litaendelea kulipwa na wananchi ambao wengi wao hawatalima hata jaruba moja la mpunga. Wanalolidai ni kwamba maji hayo ya upana wa kiganja yafike mpaka shamba la mwisho la mfereji wa mwisho. Huo ndio mkataba ambao haukuandikwa kati ya mlipa kodi na mkulima, na kila tope linalozibuliwa katika mifereji ya Mwea ni sehemu ya kuutimiza.